Siku Moja au Miaka Minne: Historia ya Mtihani wa Sekondari Afrika Mashariki na Suala la Kuugawa kwa Awamu

1. Utangulizi

Kila mwaka ifikapo Novemba, vijana wa kidato cha nne nchini Tanzania na Kenya huingia katika vyumba vya mitihani na, katika muda wa majuma machache, hupimwa juu ya yale waliyojifunza kwa miaka minne. Anayeugua malaria juma hilo, anayefiwa na mzazi, au ambaye akili yake haikutulia asubuhi ya karatasi ya kwanza, kwa kawaida hana pengine pa kuonyesha uwezo wake mpaka mwaka mwingine. Utaratibu huu umezoeleka kiasi cha kuonekana kama jambo la maumbile, mfano wa masika na vuli. Hata hivyo una historia, na historia hiyo si ndefu sana.

Mhadhara huu unachunguza namna mtihani wa sekondari ulivyopata kuwa tukio la kipindi kimoja, na namna ambavyo mara kwa mara pamefanywa jitihada za kuugawa. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuugawa mtihani kwa awamu kuna maana tatu zinazotofautiana. Kwanza, masomo yanaweza kugawanywa: mtahiniwa akafanya baadhi mwaka huu na mengine baadaye, kisha matokeo yakahesabiwa pamoja. Pili, nafasi zinaweza kuongezwa: mtihani wa somo lilelile ukatolewa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tatu, upimaji wenyewe unaweza kusambazwa katika muda wote wa masomo, ili alama ya mwisho itokane na kazi za miaka kadhaa.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba migawanyo hii si migeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Pamoja na hayo, mtihani wa kipindi kimoja umerudi na kushika hatamu kila mara, kwa sababu kuu mbili: uchache wa nafasi za masomo ya juu, na mashaka juu ya mwalimu wa darasani kama mpimaji. Hoja ya pili, inayowahusu zaidi wanafunzi wa lugha, ni kwamba Kiswahili ni miongoni mwa masomo yaliyopungukiwa mno na upimaji wa namna hiyo.

2. Mtihani na kuhitimu: ushahidi wa maneno

Neno mtihani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, katika mzizi unaohusu kujaribiwa na kutaabishwa. Katika matumizi ya Waswahili neno hili halikuishia kwenye karatasi na kalamu. Aliyefiwa au aliyefilisika huambiwa kuwa amepatwa na mtihani, na msemaji huwa hana darasa lolote akilini. Maana ya taabu inayomshukia mtu kwa ghafla, asiyoichagua wala kuipangia siku, imo ndani ya neno tangu lilipopokewa.

Kitenzi kukariri nacho kina la kueleza. Asili yake ni kurudia. Nchini Tanzania husemwa kwamba mwanafunzi amekariri darasa, yaani amelirudia kwa mwaka wa pili. Na husemwa pia kwamba amekariri masomo, yaani ameyashika kichwani neno kwa neno. Kitenzi kimoja kimebeba adhabu ya aliyeshindwa na njia ya aliyefaulu. Ni vigumu kupata muhtasari mfupi zaidi wa elimu inayoongozwa na mtihani wa mwisho.

Kinyume chake ni kuhitimu. Neno hili, ambalo leo hutumika kwa mahafali ya vyuo vikuu, lina asili katika chuo cha Korani cha pwani. Mtoto alianza na alifu kwa kijiti, akaingia juzuu ya Amma, kisha akaendelea juzuu baada ya juzuu mpaka akazimaliza zote 30. Aliandikiwa somo juu ya ubao, akalisoma mbele ya mwalimu hadi mwalimu aliporidhika, ubao ukaoshwa, likaandikwa somo jingine. Hapakuwa na siku moja ambayo watoto wote walipimwa kwa pamoja juu ya kila kitu. Aliye mwepesi alihitimu mapema, aliye mzito alichelewa. Lakini kuchelewa hakukuwa kushindwa. Hali kadhalika, katika vituo vya elimu ya juu ya dini kama Lamu na Unguja, mwanafunzi alipewa ijaza kwa kitabu au fani aliyoikamilisha, na mwalimu aliyeitoa alijulikana kwa jina na kwa heshima yake.

Hakuna haja ya kukipamba chuo cha kale. Kiboko kilikuwapo, na aghalabu mtoto alishika maneno bila kufahamishwa maana yake. Linalohitaji kuzingatiwa ni moja: upimaji wa hatua kwa hatua, unaosimamiwa na mwalimu anayemjua mwanafunzi, ulikuwapo katika mwambao kabla ya bahasha ya kwanza ya mtihani kufunguliwa. Uliwezekana kwa kuwa mambo mawili yalitimia. Mwalimu aliaminiwa na jamii yake, na hapakuwa na idadi maalumu ya viti ambayo wahitimu walipaswa kuigombea.

3. Cheti cha kundi: urithi wa Cambridge

Mitihani ya nje ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilianza mwaka 1858 kwa shule za Uingereza, na haikupita miaka mingi ikavuka bahari kufuata dola. Ilipofika Afrika Mashariki, ilikuta mfumo wa shule wenye chujio nyingi. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 mwanafunzi Mwafrika alichujwa baada ya darasa la nne, la nane na la kumi, kisha wachache waliobaki ndio waliofanya mtihani wa Cambridge mwishoni mwa darasa la kumi na mbili. Karatasi za maswali zilitoka Uingereza zikiwa zimetiwa lakiri, na majibu yalirejeshwa huko kusahihishwa na watu ambao hawakupata kuwaona watahiniwa.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni umbo la cheti chenyewe. Uingereza ilipoanzisha Cheti cha Shule mwaka 1918, kilikuwa cheti cha kundi. Mtahiniwa alitakiwa kufaulu idadi maalumu ya masomo kwa pamoja, katika kipindi kimoja. Aliyeng'ara katika hisabati na historia lakini akaanguka katika somo la lazima aliweza kukosa cheti chote. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 1951 Uingereza iliachana na utaratibu huo. Badala yake ukaja mtihani wa Ngazi ya Kawaida, ambao kila somo lilisimama peke yake. Mtu aliweza kufaulu masomo matatu mwaka huu na mawili mwaka ujao, na hakuna aliyemnyang'anya yale ya kwanza.

Makoloni hayakufuata njia hiyo moja kwa moja. Cheti cha Shule cha Cambridge kiliendelea kutolewa ng'ambo kikiwa na madaraja yake, na umuhimu wa Kiingereza ndani ya kundi hilo ukabaki palepale. Hivyo basi, kwa miaka kadhaa, kijana wa London alikuwa na haki ya kuugawa mtihani wake, na kijana wa Tabora au Kisumu aliyekuwa akifanya mtihani shuleni alipimwa kwa mzigo mzima kwa mara moja, tena katika lugha ambayo haikuwa yake.

Upenyo ulikuwapo, nao uliwafaa watu wazima. Chuo Kikuu cha London kiliendesha mitihani ya somo mojamoja, na iliweza kufanywa Januari au Juni. Makarani na walimu wa miaka ya 1950 na 1960 waliojisomea usiku kwa masomo ya posta waliitumia njia hiyo kujikusanyia sifa polepole. Huyu alifanya historia Juni, akaongeza uchumi Januari, akapumzika mwaka mmoja mke alipojifungua, kisha akamalizia. Kwa hiyo mgawanyo wa masomo na wingi wa nafasi kwa mwaka si mambo mageni katika eneo hili. Yalifanya kazi kwa watu ambao vinginevyo wasingalipata kuingia chuo kikuu.

4. Kutoka baraza la pamoja hadi baraza la taifa

Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1968 lilitoa cheti cha Afrika Mashariki kwa kushirikiana na Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria Namba 21 iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, linalofahamika zaidi kwa jina la NECTA. Kenya ilianzisha baraza lake mwaka 1980, na Uganda nayo ikapata lake wakati huohuo wa kusambaratika kwa taasisi za pamoja.

Mabadiliko haya yalihamisha mamlaka ya kutunga na kusahihisha, na hilo halikuwa jambo dogo. Umbo la mtihani, hata hivyo, lilibaki karibu vilevile. Tanzania ya leo bado hutoa daraja la kwanza hadi la nne, na sifuri kwa walioanguka. Pointi huhesabiwa katika masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza, na mwenye pointi 34 au 35 hupata sifuri. Anayeitazama hesabu hii kwa makini ataona kivuli cha cheti cha kundi. Somo halisimami peke yake. Kijana mzima hugeuzwa kuwa tarakimu moja, na tarakimu hiyo ndiyo inayotangazwa.

5. Musoma na alama za maendeleo

Jaribio kubwa zaidi la kuugawa mtihani katika Afrika Mashariki lilifanyika Tanzania, na chimbuko lake lilikuwa la kisiasa. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa, lakini haikupima fikra za mtu wala utayari wake wa kuitumikia jamii. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, ililipeleka wazo hilo kwenye utekelezaji. Azimio la Musoma linakumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini sehemu yake nyingine iliagiza uzito wa mtihani wa maandishi upunguzwe. Hata kuingia chuo kikuu kuligawanywa kwa muda: waliomaliza kidato cha sita walitakiwa wafanye kazi kwanza kwa miaka isiyopungua miwili na kuja na mapendekezo ya mahali pa kazi, sharti ambalo baadaye lililegezwa.

Kuanzia mwaka 1976 shule za sekondari zilianza kuweka alama za maendeleo ya mwanafunzi. Mazoezi ya darasani, majaribio ya muhula, kazi za mradi na mwenendo katika kazi viliandikwa na kutumwa kwenye Baraza, na nusu ya alama za mwisho ilikusudiwa itokane na huko. Kwa nadharia, haya yalikuwa mapinduzi. Mtihani uliokuwa wa majuma machache ulisambazwa katika miaka ya masomo, na mwalimu aliyemjua kijana alipewa sauti iliyo sawa na ya msahihishaji asiyemjua.

Matatizo hayakuchelewa kujitokeza. La kwanza lilikuwa mzigo. Mwalimu mwenye mikondo kadhaa ya wanafunzi alitakiwa kutunga, kusahihisha na kutunza kumbukumbu za kila mmoja kwa miaka, na mwanafunzi alipohamishwa shule, rekodi zake ziliweza kupotea njiani. La pili lilikuwa tofauti ya viwango: alama 70 ya shule moja haikuwa alama 70 ya shule nyingine. La tatu, ambalo ndilo zito, lilikuwa nafasi ya mwalimu mwenyewe. Alijikuta mlezi na hakimu kwa wakati mmoja, katika nchi ambayo kidato cha tano kilikuwa na viti vichache mno. Kumpa mwanafunzi wake alama ndogo kwa haki kulimaanisha kumnyima kiti, hali jirani wa shule ya pili anawapa wake alama za juu. Ni binadamu wachache wangalistahimili kishawishi hicho, na alama nyingi zilizofika makao makuu zilikuwa juu kupita zile za mtihani wa mwisho.

Baraza lilijibu kwa kuzilinganisha alama za shule na matokeo ya mtihani wa mwisho, kisha kuzirekebisha. Kwa upande wa haki baina ya shule na shule, hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini athari yake ilikuwa kubwa: kazi ya miaka kadhaa ilipimwa upya kwa kipimo cha majuma yaleyale ya Novemba. Sauti ya mwalimu ilisikika kwa kadiri tu ilivyokubaliana na mtihani. Mgawanyo ulibaki katika kanuni, nayo siku moja ikarudishiwa mamlaka yake kwa mlango wa nyuma.

Ni makosa kuhitimisha kwamba walimu hawakuwa waaminifu. Aliyegeuza alama za maendeleo kuwa silaha ni uchache wa viti. Katika chuo cha Korani mwalimu hakuwa na sababu ya kumhitimisha asiyejua, kwa kuwa mtoto wa jirani kuhitimu hakukupunguza nafasi ya mwanawe. Ule upimaji wa hatua kwa hatua ulipowekwa ndani ya mfumo wa kuchuja, ulilazimika kufanya kazi ya chujio, kazi ambayo haukuumbiwa.

6. Matokeo ya mwaka 2012

Udhaifu wa kipimo cha kipindi kimoja ulidhihirika Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000, yaani zaidi ya asilimia 60, walipata sifuri. Hiki kilikuwa kizazi cha shule za kata, zilizojengwa kwa kasi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, wengi wao wakiwa hawana maabara, vitabu wala walimu wa kutosha. Serikali iliunda tume, na Mei 2013 matokeo yakafutwa na kuandaliwa upya, ikielezwa kwamba namna madaraja yalivyopangwa ilitofautiana na ya miaka iliyotangulia. Majibu yaleyale ya wanafunzi walewale yalitoa idadi nyingine ya waliofaulu.

Tukio hili lina funzo kwa mada iliyopo. Jamii ilijua kwamba sifuri haikuwa hukumu tu juu ya kijana, bali pia juu ya shule isiyokuwa na mwalimu wa hisabati. Lakini kwa kuwa mtihani ulikuwa mmoja na wa mwisho, hapakuwa na njia ya kuutenganisha upungufu wa shule na upungufu wa mtoto, wala pa kumrudisha aliyeanguka kabla mwaka haujapita. Marekebisho yaliyofuata yaligusa zaidi jinsi ya kutaja matokeo. Mwaka 2014 uliletwa mfumo wa wastani wa alama, na mwanzoni mwa mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarejeshwa. Kipindi chenyewe cha mtihani hakikuguswa.

7. Awamu mbili kwa mwaka: mifano ya kwingine

Nchi nyingine za Afrika zimeonyesha kwamba nafasi zaidi ya moja kwa mwaka zinawezekana. Baraza la Mitihani la Afrika Magharibi, lililoanzishwa mwaka 1952, kwa miaka mingi liliendesha mtihani wa wanafunzi wa shule katikati ya mwaka na mwingine wa watahiniwa binafsi mwishoni mwa mwaka. Zimbabwe nayo imekuwa na awamu ya Juni na ya Novemba. Aliyeshindwa somo moja hakulazimika kungoja miezi 12 akiwa nyumbani.

Uingereza yenyewe ilikwenda mbali zaidi, kisha ikarudi. Kuanzia Septemba 2000 masomo ya ngazi ya juu ya sekondari yaligawanywa katika sehemu, na kila sehemu iliweza kufanyiwa mtihani Januari au Juni, na kurudiwa. Wanafunzi wengi walinufaika, hasa waliojua mapema mahali walipokuwa dhaifu. Upande wa pili ulilalamika kwamba mwaka wa masomo umekatwakatwa na maandalizi ya mitihani isiyokwisha, kwamba maarifa yanasomwa vipandevipande, na kwamba kurudiarudia kumewapa faida wenye uwezo wa kulipia. Awamu ya Januari ilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka 2013, na kuanzia Septemba 2015 mtihani wa mwisho wa kozi ulirejea. Kuongeza awamu, basi, hakupunguzi utawala wa mtihani kwa lazima. Kunaweza kuuzidisha, mtihani ukaenea mwaka mzima.

Afrika Mashariki ina hofu yake ya pekee, nayo ni usalama. Kenya, baada ya miaka ya wizi wa mitihani, iliweka mwaka 2016 utaratibu mkali wa kuhifadhi karatasi katika makontena yanayofunguliwa chini ya ulinzi asubuhi ya mtihani. Kila awamu inayoongezwa ni makontena mengine na askari wengine, pamoja na mlango mpya wa wizi. Gharama hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini nayo ina chanzo: karatasi huibwa kwa kuwa ni moja na hukata shauri la maisha. Kadiri uzito wa karatasi moja unavyopungua, ndivyo na bei yake sokoni inavyopungua.

8. Kiswahili ndani ya karatasi ya saa tatu

Katika sayansi, mtahiniwa wa kidato cha nne hufanya karatasi ya nadharia na ya vitendo. Inakubalika kwamba kujua kemia ni pamoja na kushika chupa na kuona rangi ikibadilika. Kenya imelikubali jambo hilo hata kwa lugha za kigeni, kwani Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu hupimwa pia kwa mazungumzo. Kiswahili, lugha ya taifa katika nchi zote mbili, hupimwa kwa maandishi tu. Nchini Tanzania mtahiniwa wa kidato cha nne hupewa karatasi moja ya saa tatu inayokusanya ufahamu, sarufi, utungaji na fasihi. Nchini Kenya, ambako somo hili lilifanywa la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, karatasi ni tatu: insha, lugha na fasihi. Zote huandikwa kwa kalamu.

Athari zake juu ya fasihi simulizi ni dhahiri. Mathias Mnyampala alizikuza ngonjera kama ushairi wa kusemwa mbele ya watu, kwa zamu na kwa sauti. Mwanafunzi wa leo anaweza kupata alama zote kwa kutaja sifa tano za ngonjera bila kuwahi kusimama akaisema hata moja. Huulizwa tofauti ya kitendawili na methali, lakini haulizwi kuega kitendawili mbele ya hadhira. Utanzu ulioishi kwa sauti, ishara na mwitikio umegeuzwa kuwa orodha ya vipengele, kwa sababu orodha ndiyo inayoweza kusahihishwa na mtu aliye mbali.

Insha nayo imeathirika. Kuandika ni kurudia na kusahihisha. Mwandishi hutoa rasimu, akaipumzisha, akaitazama tena. Mtihani wa saa tatu hauna mahali pa rasimu ya pili. Hupima wepesi wa kuanza na kumaliza, na hivyo shule hufundisha miundo ya kukariri: utangulizi uliozoeleka, methali ya kupambia, hitimisho lililo tayari. Wanaowapokea vijana hawa vyuoni wamelalamika mara nyingi kwamba hawawezi kujenga hoja ya kurasa kumi. Hawakupata kupimwa kwa hilo, kwa hiyo aghalabu hawakufundishwa.

Kwa somo hili, basi, kuugawa mtihani kunakwenda mbali kuliko kumhurumia mtahiniwa. Kukusanya methali na visa vya wazee wa kijijini katika kidato cha pili, kuwasilisha simulizi mbele ya darasa katika kidato cha tatu, na kuandika insha ndefu kwa rasimu mbili kabla ya mtihani wa mwisho, ni njia za kuipima lugha ilivyo. Alama za maendeleo za mwaka 1976 zilifungua mlango huo. Pale zilipogeuka kuwa orodha ya majaribio ya muhula yanayouiga mtihani wa mwisho, mlango ulijifunga wenyewe.

9. Kalenda inapovunjika

Janga la Uviko-19 lilionyesha kwamba kalenda ya mitihani si mlima usiohamishika. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020, na mtihani wa sekondari wa mwaka huo ukafanyika mwaka 2021. Mtihani wa mwaka 2021 ulifanyika Machi 2022, na ule wa mwaka 2022 ukafanyika mwishoni mwa mwaka huohuo. Nchi moja iliendesha mitihani miwili ya kitaifa ya kidato cha nne katika mwaka mmoja wa kalenda, japokuwa kwa makundi tofauti ya wanafunzi. Lililodhaniwa haliwezekani kwa sababu za maandalizi liliwezekana lilipolazimu.

Mitaala mipya nayo imeirudia njia ya Musoma kwa uangalifu zaidi. Nchini Uganda, watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya wa sekondari ya chini, waliofanya mtihani mwaka 2024, walihesabiwa asilimia 20 kutoka kazi za shuleni na asilimia 80 kutoka mtihani wa mwisho. Nchini Kenya, kundi la kwanza la gredi ya 9 lilipimwa mwaka 2025 kwa mchanganyiko wa asilimia 20 za tathmini ya gredi ya 6, asilimia 20 za tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 za tathmini ya gredi ya 9. Sehemu aliyopewa mwalimu katika nchi zote mbili ni ndogo kuliko nusu iliyokusudiwa Tanzania mwaka 1976. Ni vigumu kutoona hapo kumbukumbu ya yaliyotokea.

10. Hitimisho

Mtihani wa kipindi kimoja ulijengwa na mambo yanayoweza kutajwa. Karatasi zilisafiri kutoka mbali, wasahihishaji hawakuwajua watahiniwa, viti vya juu vilikuwa vichache, na mwalimu Mwafrika hakudhaniwa kuwa anaweza kuaminiwa na hukumu. La kwanza limekwisha: mitihani hutungwa na kusahihishwa hapahapa. La viti limepungua sana tangu shule za sekondari na vyuo vikuu vilipoongezeka, ingawa halijakwisha. La mwalimu bado liko, na ndilo litakaloamua kama mageuzi ya sasa yatadumu.

Historia iliyoelezwa inaonyesha pia mpangilio wa hatua. Kuongeza awamu bila kupunguza uzito wa kila karatasi huueneza mtihani, kama ilivyoonekana Uingereza. Kumpa mwalimu nusu ya alama bila muda, bila mafunzo ya upimaji na bila kumwondolea shinikizo la viti humwingiza katika majaribu, kama ilivyoonekana Tanzania. Hatua ya kawaida zaidi, nayo ilishajaribiwa na wale makarani wa miaka ya 1950, ni kuliacha kila somo lisimame peke yake na kumruhusu aliyeshindwa moja alirudie hilo moja mapema, bila kulazimika kungoja mwaka mzima.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili kazi iko karibu zaidi. Hawana mamlaka ya kubadili kalenda ya taifa, lakini ndio wanaoandika mihtasari, wanaotunga maswali na wanaowafundisha walimu watakaopima. Vigezo vinavyoeleweka vya kupima simulizi, mazungumzo na insha ya rasimu, vinavyoweza kutumiwa kwa usawa na mwalimu wa Pangani na wa Sumbawanga, bado havijawekwa mezani kwa kiwango cha kutosha. Kila Novemba inayopita bila vigezo hivyo, kijana mwenye ulimi mwepesi na kalamu nzito hurudi kwao akiwa ameandikiwa kwamba hajui Kiswahili.